Mashine ikiandika "kali", nani atabeba dhamana?

IPO karatasi moja ndogo ya hospitali ambayo maneno yake hayazidi mistari michache, lakini uzito wake ni mkubwa kuliko hukumu nyingi za mahakamani. Ni karatasi ya majibu ya kipande cha nyama kilichokatwa kinywani mwa mtu, kikapelekwa maabara kutazamwa kama kina dalili za kuelekea kwenye saratani. Katika karatasi hiyo mgonjwa husubiri neno moja tu: hafifu, wastani au kali.

Akiandikiwa "hafifu", mara nyingi hurudishwa nyumbani, akahimizwa kuacha tambuu na tumbaku, akapangiwa tarehe ya kurudi. Akiandikiwa "kali", huandaliwa kisu. Akiandikiwa "wastani", yeye na tabibu wake hubaki njia panda: wakate sasa au wasubiri? Neno moja linaamua kama mtu atapoteza sehemu ya ulimi au ya shavu lake, au ataachwa na kitu ambacho huenda kikamuua.

Miaka ya karibuni neno hilo limeanza kutafutwa kwa mashine. Kompyuta inapewa picha ya kile kipande, inazipima seli zake, inazihesabu, kisha inasema daraja. Wapo wanaolishangilia jambo hili na wapo wanaolitilia shaka. Mimi si tabibu wala si mufti, na makala hii si fatwa. Lakini kadhia hii inagusa amana, ushahidi na uhai wa mtu, na hayo ni mambo ambayo Muislamu yeyote ana haki, na pengine ana wajibu, kuyafikiri kabla hayajamfika mlangoni.

Swali langu ni hili: je, inafaa kuiachia mashine hukumu juu ya mwili wa binadamu? Na kama inafaa, kwa masharti gani?

Ugonjwa wenyewe

Saratani ya kinywa aghalabu haimshukii mtu kama radi. Mara nyingi hutanguliwa na dalili: doa jeupe lisilofutika, doa jekundu, kidonda kisichopona, au kinywa kukakamaa hadi tonge haliingii. Si kila doa ni hatari, na mengi hayafiki popote. Lakini mengine hufika. Kwa makadirio ya mwaka 2022, watu takriban 389,000 duniani walipata saratani ya mdomo na kinywa katika mwaka huo mmoja, na takriban 188,000 walikufa kwa saratani hiyo.

Mzigo mkubwa uko kwa watu wa Bara Hindi, ambako popoo, tambuu na tumbaku ya kutafuna ni mambo ya kila siku. Sisi wa mwambao hatuwezi kujifanya wageni wa habari hiyo. Tambuu ilivuka bahari pamoja na majahazi, ikakaa katika sinia za harusi zetu na katika mabaraza yetu, na leo vijana wameongeza kuberi na ugoro. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani na lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilichapisha uamuzi wake kwamba popoo inasababisha saratani kwa binadamu, hata kama haikuchanganywa na tumbaku. Kwa hiyo anayejitetea kwamba yeye anatafuna tambuu tupu, bila ya tumbaku, ajue kuwa utetezi huo ulishaanguka.

Jicho la tabibu

Hebu tutazame jinsi lile neno moja linavyopatikana. Kile kipande hukatwa vipande vyembamba mno, vikatiwa rangi mbili: moja huvipa viini vya seli rangi ya buluu iliyoiva, nyingine huzipa sehemu zilizobaki rangi ya waridi. Kisha huwekwa kwenye kioo chini ya hadubini, na mtaalamu wa patholojia huinama kutazama.

Katika kinywa kizima seli zimejipanga kama safu za swala. Za chini zina umbo lake, za juu zina lake, na kila moja iko mahali pake. Displasia, yaani yale mabadiliko yanayoweza kutangulia saratani, ni pale safu zinapovurugika: viini vinavimba, vinakuwa na rangi nzito, vinapishana ukubwa, na seli zinagawanyika mahali pasipostahiki. Kanuni inayofundishwa ni kuligawa tabaka hilo katika mafungu matatu. Vurugu ikiishia theluthi ya chini, daraja ni hafifu. Ikifika theluthi ya kati, ni wastani. Ikipanda hadi theluthi ya juu, ni kali. Lakini ubaya wa seli zenyewe unaweza kumfanya mtaalamu apandishe daraja, hata kama vurugu haijapanda sana.

Hapo ndipo penye tatizo. Nani atasema mstari wa theluthi uko wapi hasa, ilhali tabaka lenyewe lina mabonde na milima? Nani atasema kiini hiki kimevimba vya kutosha na kile hakijavimba? Tafiti za miaka mingi zimerudia jambo moja: wataalamu wakipewa kioo kile kile hawaafikiani vya kuridhisha, na zaidi katika daraja la wastani. Hata mtaalamu yule yule, akirudishiwa kioo chake baada ya muda, huweza kuandika neno jingine. Mwaka 2006 ulipendekezwa mfumo mwepesi zaidi wa madaraja mawili tu, hatari ndogo na hatari kubwa. Kigezo cha hatari kubwa kikawa mabadiliko yasiyopungua manne ya mpangilio na matano ya seli zenyewe. Mfumo huo ulisaidia kiasi, lakini haukumaliza tofauti.

Naomba nieleweke. Sisemi haya kuwadharau madaktari. Nasema haya kwa sababu watu wengi wanaoipinga mashine wanajenga hoja yao juu ya jicho la binadamu kana kwamba jicho hilo halikosei.

Tena hata wakiafikiana, daraja lenyewe ni dhana, si yakini. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba takriban asilimia 12 ya waliokutwa na displasia ya kinywa walifikia saratani, kwa wastani wa miaka minne na ushei. Kwa waliopewa daraja hafifu na wastani ilikuwa karibu asilimia 10, na kwa waliopewa daraja kali karibu asilimia 24. Zingatia hapo, ndugu msomaji. Wengi wa walioambiwa "kali" hawakufikia saratani, na baadhi ya walioambiwa "hafifu" walifikia. Uchambuzi huo huo ulionesha kwamba waliokatwa lile doa walipata saratani kwa karibu asilimia 5, na wasiokatwa kwa karibu asilimia 15. Kisu kinapunguza hatari wala hakiiondoi, na kisu nacho kina madhara yake.

Mashine imefikia wapi

Kompyuta kusoma seli si jambo la jana. Mwaka 1995 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mashine za kusaidia kukagua vipimo vya shingo ya kizazi. Baadaye watafiti wa chuo cha teknolojia cha Kharagpur, India, walijaribu kuifundisha kompyuta kuutambua ule ugonjwa wa kinywa kukakamaa kwa watafunaji wa popoo, kwa kupima sura ya nyuzi na seli katika picha. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza mtambo wa kupiga picha kioo kizima ili daktari asome kwenye kompyuta badala ya hadubini, na mwaka 2021 ikaruhusu programu ya kwanza ya akili mnemba ya kusaidia kusoma vioo vya saratani, ile ya tezi dume. Kwa upande wa kinywa, mwaka 2024 watafiti wa vyuo vikuu vya Warwick na Sheffield, Uingereza, pamoja na wenzao, walichapisha programu inayosoma picha ya displasia ya kinywa na kukadiria uwezekano wa kugeuka saratani. Baadhi ya ilivyoviangalia ni wingi wa viini katika lile tabaka, na idadi ya seli za kinga zilizolizunguka.

Nilipolitaja jambo hili barazani, kijana mmoja anayefanya kazi ya kompyuta alimwambia mzee mwenzangu:

"Mzee, mashine haichoki. Haina njaa saa saba mchana, haijagombana na mkewe asubuhi. Ukiipa picha moja mara mia itakupa jibu moja mara mia."

Mzee akamjibu: "Mwanangu, na ikikosea mara mia?"

Katika maneno yale mawili imo kadhia yote. Kusema jambo moja kila mara ni sifa njema, lakini si sawa na kusema kweli. Saa iliyosimama nayo haibadilishi jibu lake.

Mjuzi aliyejaribiwa

Sisi Waislamu hatuukuti mjadala huu mikono mitupu. Kila Ramadhani ikikaribia tunabishana juu ya jicho, darubini na hisabu. Lakini nadhani mfano ulio karibu zaidi hauko kwenye mwezi, uko kwenye mlango wa fiqhi ambao wengi wetu tumeusahau: mlango wa mtambuzi wa nasaba.

Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwa Bi Aisha (RA) kwamba Mtume (SAW) alifurahi pale mtambuzi wa kabila la Mudlij alipoziona nyayo za Zaid na Usama, vichwa vyao vikiwa vimefunikwa, akatamka kuwa nyayo zile zinatokana zenyewe kwa zenyewe. Baba alikuwa mweupe na mwana mweusi, na watu walikuwa wakisema maneno. Maulamaa wengi, Imam Shafi (RA) akiwemo, walilichukua tukio hilo kuwa dalili kwamba neno la mjuzi mwenye jicho lina uzito katika sheria. Wenzetu wa madh-hab ya Hanafi hawakulikubali.

Ninachotaka tukizingatie ni masharti. Vitabu vya madh-hab yetu ya Shafi, ukiwemo Minhaj wa Imam Nawawi uliosomeshwa sana katika mwambao huu, havikuridhika na mtu kujiita mjuzi. Vilitaka awe muadilifu, na vilitaka awe amejaribiwa. Jaribio lenyewe ni la kustaajabisha kwa umakini wake. Huoneshwa mtoto pamoja na wanawake ambao mama yake hayumo, tena mara tatu. Kisha huoneshwa mara ya nne, na safari hii mama yumo. Akipatia katika zote ndipo neno lake hukubaliwa.

Ndugu msomaji, tazama hekima iliyomo. Wanazuoni hao walijua kwamba mtu anayebahatisha atamchagua mwanamke mmoja tu, awepo mama asiwepo. Wakataka kwanza wajue kama ana uwezo wa kusema "hayupo". Leo wataalamu wa takwimu wanaiuliza kila mashine ya hospitali maswali mawili: je, inawaona wagonjwa, na je, inawaacha wazima? Fiqhi ilishayauliza yote mawili.

Basi tuiweke mashine mbele ya masharti hayo. Sharti la kujaribiwa, mashine inaweza kulitimiza, pengine kwa urahisi kuliko mtu, kwa kuwa inaweza kuoneshwa vioo elfu kwa siku moja. Na sharti la uadilifu je? La hasha. Uadilifu ni wa mwenye kuweza kusema uongo akauacha kwa kumcha Mungu. Mashine haina uongo wala ukweli wa aina hiyo. Haiogopi wala haitumaini. Siku ambayo Allah (SW) ametufundisha kwamba masikio, macho na nyoyo vitaulizwa, kompyuta haitaitwa. Ataitwa aliyeitengeneza, aliyeinunua na aliyetia saini chini ya jibu lake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mashine inafaa kuwa jicho, haifai kuwa shahidi. Neno linaloandikwa katika ile karatasi ni ushahidi juu ya mwili wa mtu, na ushahidi hauna budi kuwa na mwenyewe.

Taqlidi ya mashine

Liko jambo jingine ambalo wauzaji wa mitambo hii hawapendi kulisema kwa sauti. Mashine imejifunza kwa nani? Nyingi zimefundishwa kwa kupewa maelfu ya picha ambazo madaktari walishaziandikia "hafifu", "wastani" au "kali". Lakini tumeshaona kwamba madaktari hao hawaafikiani. Basi mashine iliyofundishwa hivyo ni muqallid. Imeshika kauli ya masheikh wake pamoja na tofauti zao na makosa yao, tena bila kujua dalili. Ikishaanza kutoa majibu, watu huiona kama mujtahidi aliye juu ya wote, kwa sababu tu inazungumza kwa tarakimu. Asilimia 87 iliyoandikwa kwenye kioo cha kompyuta humtisha mtu kuliko daktari anayesema "nadhani".

Njia ya kutoka katika taqlidi hiyo ipo. Badala ya kuifundisha mashine neno la daktari, ifundishwe yaliyowapata wagonjwa: huyu alikatwa kipande mwaka fulani, akafuatiliwa, baada ya miaka mitano akapata saratani, na yule hakupata. Hapo mashine haitaiga kauli ya mtu, itajifunza kutokana na mambo yalivyokuwa. Ile programu ya mwaka 2024 niliyoitaja ilielekea njia hiyo.

Lakini njia hiyo inadai kitu kimoja ambacho hakinunuliki dukani: kumbukumbu. Inadai faili lisilopotea, kioo kilichohifadhiwa, mgonjwa aliyefuatiliwa kwa miaka. Waliotunza kumbukumbu zao wataifundisha mashine vinywa vya watu wao. Sisi tusiotunza tutaletewa mashine iliyofundishwa vinywa vya wengine. Inajulikana kwamba programu hizi huweza kuyumba zinapohamishwa kutoka maabara moja kwenda nyingine, kwa sababu tu rangi zilitiwa kwa namna tofauti au mtambo wa kupiga picha ni wa kampuni nyingine. Mashine iliyofaulu Uingereza haijafaulu bado Dar es Salaam wala Mombasa. Iko katika hali ya yule mtambuzi aliyejaribiwa kwa kabila moja, akaletwa kwa kabila asilolijua.

Qur'an imetuamrisha kuandika hata deni dogo tunalokopeshana, na aya inayohusu jambo hilo, ya 282 katika Suratul Baqarah, ndiyo ndefu kuliko zote. Basi vipi tutauchukulia uhai wa mtu kuwa mwepesi kuliko deni la sukari na unga?

Hoja ya umasikini

Nafahamu kuna watakaonijibu kwa hoja nzito. Watasema: "Wewe unazungumzia mashahidi na uadilifu, na sisi katika mikoa mingi hatuna hata huyo mtaalamu mmoja wa patholojia. Kipande kinasafirishwa mbali, majibu yanachukua wiki nyingi, na wengine hawarudi kuyachukua. Mashine peke yake si afadhali kuliko kukosa kabisa?"

Hoja hii siibezi. Dharura ina hukumu zake, na asiye na maji hutayamamu. Lakini dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Mwenye kutayamamu hajengi nyumba yake jangwani akasema vumbi limemtosha. Maji yakipatikana, tayamamu imebatilika. Hofu yangu ni kwamba serikali na wafadhili wataiona mashine, wataona ni rahisi kuliko kusomesha daktari kwa miaka zaidi ya kumi, na tayamamu itafanywa kuwa udhu wa kudumu wa masikini. Tajiri atapata mashine pamoja na daktari wa kuikosoa, na masikini atapata mashine pamoja na karani wa kuichapa karatasi. Hiyo si tiba iliyofika kijijini. Hiyo ni dhulma iliyovaa koti jeupe.

Na tusisahau kwamba mashine hii haikati kipande wala haimwiti mgonjwa. Kabla ya kioo kufika kwenye kompyuta, lazima mtu mmoja amwambie mwenzake: "Fungua kinywa nitazame." Katika wilaya ya Trivandrum, jimbo la Kerala, India, ulifanyika utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1996. Wahudumu wa afya waliofundishwa walipita nyumba kwa nyumba wakitazama vinywa vya watu kwa macho na mwanga, basi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionesha kwamba miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa asilimia 34 katika maeneo yaliyokaguliwa. Hayo yalifanywa na watu wa kawaida waliofundishwa wakapewa amana. Nchi isiyoweza kulifanya hili, kisha ikakimbilia kununua programu, imevaa kilemba kabla ya kanzu.

Nani atajaribu, nani atadhamini

Imepokewa kwa Abu Daud na wengineo kwamba Mtume (SAW) amemdhaminisha madhara mwenye kutibu watu ilhali hajulikani kwa utabibu. Maulamaa waliijengea hadithi hii milango mizima: tabibu mjuzi aliyeitimizia kazi yake haki yake hana dhamana kwa kilichotokea bila ya yeye kukosea, na mjinga aliyejitia utabibu anadhamini.

Historia nayo ina la kutwambia. Mwaka 931 kule Baghdad ilimfikia Khalifa al-Muqtadir habari ya mgonjwa aliyekufa kwa kosa la tabibu. Akaamuru asiruhusiwe yeyote kutibu mpaka atahiniwe na tabibu wake mkuu, Sinan bin Thabit bin Qurra. Wanahistoria wanaandika kwamba waliotahiniwa walifika 860 na zaidi, na wale mabingwa mashuhuri hawakuhesabiwa humo. Kifo cha mtu mmoja kililitikisa dola likawapima matabibu wake wote. Je, mashine inayosoma vinywa vya Waislamu na wasio Waislamu wa nchi hii haistahiki kupimwa kabla ya kufa mtu?

Kwa hiyo nasema, na nayaelekeza maneno haya kwa wizara, kwa vyuo vya utabibu na kwa hospitali zetu, zikiwemo zile zinazoendeshwa na taasisi za Kiislamu.

Kwanza, mashine isipokewe kwa cheti cha ugenini peke yake. Ijaribiwe kwa vioo vya watu wetu, na ndani yake viwemo vya wazima, ili ijulikane kama inaweza kusema "hayupo".

Pili, kila jibu liwe na jina na saini ya mtu. Na mtu huyo aandike kauli yake kwanza kabla ya kufunuliwa kauli ya mashine, kwa sababu inafahamika kwamba binadamu akishaoneshwa jibu la kompyuta huliegemea hata pale jicho lake linapokataa. Wakitofautiana, apelekewe mtaalamu wa pili. Tofauti hiyo isifichwe, kwani hapo ndipo penye faida yote ya kuwa na mashine. Inamgutusha tabibu aliyechoka, na tabibu anaisahihisha mashine isiyojua.

Tatu, mgonjwa aambiwe. Anayo haki ya kujua kwamba neno "wastani" lilitoka kwa nani, na kwamba ni dhana yenye nguvu, si yakini. Muislamu anatakiwa atake shauri na atawakali, naye hawezi kufanya lolote kati ya hayo mawili kama amefichwa.

Nne, tuanze leo kutunza kumbukumbu, ili mashine ya kesho ijifunze kwa wagonjwa wetu.

Wako watakaosema nimeiogopa elimu mpya. Sivyo. Kuikataa mashine inayoweza kumgutusha daktari, kwa sababu tu si mtu, ni kuacha kheri iliyotufikia, na anayekufa kwa ajili ya ukaidi huo hatakuwa wewe wala mimi, atakuwa yule aliyeandikiwa "hafifu" na jicho lililochoka. Lakini kuivisha mashine kilemba cha kadhi, kisha sote tukanawa mikono, ni kuikimbia amana. Mwenyezi Mungu ametueleza kwamba mbingu, ardhi na milima viliogopa kuibeba amana hiyo, binadamu akaibeba. Hakuna palipoelezwa kwamba binadamu anaruhusiwa kumtwisha kompyuta.

Na wewe msomaji uliyefika hapa na tambuu shavuni, usisubiri mabishano yetu yaishe. Simama mbele ya kioo, fungua kinywa, inua ulimi, tazama pembeni na chini yake. Ukiona doa ambalo limekaa zaidi ya wiki mbili, nenda hospitali. Jicho la kwanza ni lako, nalo litaulizwa.

Wallahu a'alam.